Pale Santuri Yetu Huruka

Kisumu, Jumapili

Mama Mutua,

Salamu nyingi kwako na watoto. Leo mchana, mvua ikinyesha ziwani, nilikula samaki peke yangu hotelini huku bendi ikipiga nyimbo za wale wanamuziki wetu wa zamani. Wanawaiga mpaka ungedhani ni wenyewe. Ulipofika ule wimbo wa harusi yetu, pale santuri yetu huruka, nikagonga meza, kama wewe unavyogonga kabati ili sindano isogee.

Mzee wa meza ya pili akauliza, "Bwana, unaitisha nini?"

Bendi ilishapita hapo, ikiimba maneno tusiyowahi kuyasikia. Sikuyapenda.

Santuri yetu usiitupe. Nina hamu ya kukusikia ukigonga kabati.

Wako,
Baba Mutua