Boti ya Deus Haitaingoja Pasaka

Edmonton,
London.
9 Februari 2025

Mpendwa wifi yangu Blandina,

Nakusalimu sana, wifi, wewe na wote wa hapo Muleba. Kwanza niambie, goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema ngazi za kanisani zinakumaliza, lakini hospitali hutaki kwenda kwa sababu duka halina mtu wa kukaa. Mwenye duka la dawa asiyetaka kutibiwa, ndiyo wewe. Na mama mkwe je, anakula? Macho yake yana nafuu tangu abadilishiwe miwani? Mwambie soksi ndefu alizoagiza nimezipata, nyeusi na za bluu, achague mwenyewe.

Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu, ingawa baridi ya mwaka huu imetutia adabu. Anne hajambo, yuko chuoni huko kaskazini, anakusalimu kwa kile Kiswahili chake cha kuungaunga. Senene ulizotutuma zilifika. Nilimtumia nusu, zilizobaki nimezila peke yangu bila aibu.

Utashangaa kupata barua wakati kila Jumapili tunaongea kwenye simu. Anakuletea kijana wa Kamachumu anayekuja likizo, nimemwambia akukabidhi mkononi, asimwachie mtu dukani. Jambo lenyewe nimejaribu kukuambia kwa simu mara kadhaa, na kila nikianza naishia kukuuliza habari za mvua.

Siku uliponitumia picha ya viza yako nilikuwa kwenye basi, nikapiga kigelegele mpaka dereva akanitazama kwenye kioo. Halafu ukaniambia hutaki kutembezwa kwenye saa kubwa wala madaraja, unataka kulala botini, pale alipokuwa akilala marehemu kaka yako Deus, basi. Nikakujibu kwamba Pasaka ukija utakuta kitanda kimetandikwa. Wifi yangu, inaniuma sana kukuambia hivi. Pasaka ikifika boti haitakuwa yetu tena. Naiuza.

Nianze mwanzo, maana najua huko mliambiana Deus kanunua meli, na yeye hakuwasahihisha. Ni chombo chembamba cha chuma, kirefu kama korido ya zahanati, kimefungwa kamba kandokando ya Mto Lea nyuma ya maghala. Ukisimama katikati ukanyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Lakini ndani mna jiko la makaa, sinki, bafu na kitanda alichokitengeneza mwenyewe kwa mbao, akakipima kwa urefu wake kwa sababu vitanda vyote vya dukani vilikuwa vinamwacha miguu nje.

Shida ya nyumba ya namna hii ni maji wakati wa baridi. Mbele kuna tanki tunalojaza kwa mpira, na pampu ndiyo inayoyasukuma kwenye mabomba yaliyopita kutani mpaka jikoni, bafuni na kwenye tanki dogo la maji ya moto. Maji yakiganda yanavimba, bomba linapasuka, na huwezi kujua mpaka barafu iyeyuke. Ukiwa unaishi humo si kazi kubwa. Deus aliyavisha mabomba yote sponji, makaa hayakuzimika usiku wala mchana, na milango ya kabati la chini ya sinki aliiacha wazi ili joto lifike kwenye mabomba. Lakini mkiondoka siku kadhaa na jiko limezimwa, lazima mmwage maji yote. Unazima pampu, unafungua koki ndogo iliyo chini ya tanki la maji ya moto, kisha unafungua koki zote za boti na kuziacha wazi vilevile mpaka mtakaporudi.

Hapo kwenye koki ndipo tuliposhindwana mimi na kaka yako. Wewe unajua tulivyolelewa. Maji yanakatika asubuhi, yanarudi yanapotaka, na aliyeacha koki wazi anakuta nyumba imefurika, na fimbo inamngoja. Mama yangu kabla ya kwenda shamba alikuwa akizipitia koki zote kama mtu anayehesabu kuku. Mkono wangu ulizoea hivyo. Nikiona koki iko wazi naifunga, hata kwa wagonjwa ninaowahudumia, kabla sijavua koti.

Basi Deus akifungua, mimi nafunga. Mwaka wa kwanza alijaribu kunieleza, nikamjibu kwamba koki kuachwa wazi ni uzembe wa kitoto na kwetu haupo. Alicheka, akasema, "Haya, funga, mama, funga." Sikumsikia akibisha tena. Nilidhani nimeshinda. Kila tulipoondoka wakati wa baridi mimi nilikuwa natangulia nje na mabegi, yeye anabaki nyuma akisema anazima taa. Nilikuwa nasimama pale ukingoni nimenuna, pua inadondoka, namfokea, "Baba Anne, ni taa gani hiyo isiyozimika?"

Mwezi uliopita nilipata kazi ya kulala hukohuko, Kenton, kwa bibi mmoja anaitwa Vasanti. Amezaliwa Mwanza, alikuja huku akiwa binti, na Kiswahili bado anakitaka kila siku. Mtoto wake Ushma alikuwa amesafiri, hakuna wa kumwangalia. Kabla ya kwenda niliyamwaga maji ya boti mwenyewe, mara yangu ya kwanza tangu Deus atutoke. Nilifanya kila nilichowahi kumwona akifanya. Nilizima pampu. Nikalala kifudifudi sakafuni, nikafungua ile koki ya chini, maji yakatoka mpaka yakabaki matone. Wifi, nilijiona fundi. Nikasema kwa sauti, peke yangu mle ndani, "Umeona, Baba Anne?" Halafu nikapita nikahakikisha koki zote zimefungwa barabara, nikatoka.

Wiki ile ndipo baridi yenyewe ilipokuja. Mama Vasanti alikuwa akitazama habari, akanigeukia. "Adelina, nyumba yako ya majini leo itakuwa barafu tupu."

"Hakuna shida, mama," nikamwambia. "Maji yote nimemwaga, nimefanya kama marehemu alivyokuwa anafanya."

"Basi alikufundisha vizuri," akasema, na mimi nikakubali.

Niliporudi Edmonton barafu ya mtoni ilikuwa imeshaanza kukatika vipande. Nikawasha jiko, nikajaza tanki, nikawasha pampu, halafu nikaenda boti ya jirani kumshukuru mzee Humphrey aliyekuwa akinitazamia kamba. Akanikaribisha chai. Mimi na chai unanijua. Niliporudi nilisikia pampu ikinguruma kabla sijafungua mlango, na pampu ile hunyamaza yenyewe koki zikiwa zimefungwa. Nikashuka ngazi, mguu ukaingia majini mpaka kwenye kifundo.

Tanki la maji ya moto lilikuwa limechanika ubavuni. Mabomba ya nyuma ya ukuta yalikuwa yamepasuka sehemu nyingi, maji yanarukia kwenye mbao. Humphrey alikuja mbio na ndoo, tukachota mpaka mikono ikafa ganzi. Tangu hapo mbao za sakafu zimevimba, ukungu unapanda kutani, na fundi amesema ukuta wote lazima ubomolewe ndipo mabomba yapatikane. Huo si uwezo wangu, wifi, hata nikilala Kenton mwaka mzima.

Jioni ileile nilimpigia Anne nikiwa kwa Humphrey. Nilitaka anionee huruma tu. Akaniuliza, "Mum, koki uliziacha wazi?"

Nikamwambia, "Wazi tena? Nilizifunga zote."

Ndipo akanieleza, nusu Kiingereza nusu Kiswahili, taratibu kama anayeongea na mgonjwa. Koki za juu zikifungwa hewa haiingii, na hewa isipoingia maji hayatoki yote, yanabaki yamejificha kwenye mabomba. Yakiganda hayana pa kuvimbia. Nikamwuliza amejuaje. Akasema, "Dad alinionyesha. Ukishatoka nje na mabegi, alikuwa anarudi kuzifungua zote. Alisema nisikuambie, utaona unadharauliwa. Sorry, Mum."

Wifi, nilikaa kwenye kiti cha Humphrey nikalia kuliko nilivyolia siku tunaupeleka mwili uwanja wa ndege. Miaka yote hiyo nilikuwa nafunga, na kuna mtu alikuwa anapita nyuma yangu akifungua, bila neno, halafu anatoka nje anakuja kufokewa kwa ajili ya taa. Mwaka huu nimefunga na hakuna aliyepita nyuma yangu.

Nimejiuliza ni mangapi mengine aliyafanya kwa namna hiyo, ambayo nitayajua yakishaharibika. Najuta sikumwuliza hata mara moja kwa nini anachelewa kutoka. Nilikuwa nauliza ili nimkaripie, na mtu akiulizwa hivyo hajibu. Ninyi huko mnalo kaburi lake, mnalifyekea majani, mnaliwekea maua Novemba. Mimi huku nilikuwa na boti. Nilikuwa najua ubao gani unalia akikanyaga na wapi alikuwa akining'iniza kofia. Ndiyo niliyotaka uione, na mimi ndiye niliyeiharibu kwa mkono wangu, huku nadhani naitunza.

Wanunuzi ni mke na mume, vijana, Humphrey ndiye aliyenitafutia. Ni watu wazuri. Wataibomoa yote ndani mpaka ibaki chuma, ndipo waanze upya. Niliwaomba wangoje Pasaka ipite, wakasikitika kweli, lakini nyumba waliyopanga wanatakiwa kuiacha, kwa hiyo wataichukua mwishoni mwa Machi. Mimi kwa sasa niko chumba kimoja na Thérèse, Mkongo ninayefanya naye kazi. Ananicheka Kiswahili changu, na mimi chake.

Mama mkwe usimwambie habari za koki. Mwambie tu baridi iliharibu boti, ni kweli pia. Nisalimie shemeji Cosmas, mwambie picha za Deus alizoomba, Anne atazituma. Wasalimie watoto wote wa hapo nyumbani, na Mama Imelda jirani yako, na majirani wengine waliokesha nasi msibani. Mungu awafunike kwa mkono wake, awape mavuno, na wewe akuponye hilo goti.

Nilikusudia kuishia hapo, nimekaa na kalamu nashindwa kufunga bahasha. Wifi, viza yako inaanza kutumika mwezi huu, umeniambia mwenyewe. Funga duka. Badilisha tiketi, uje Machi kabla hawajaanza kubomoa. Sina cha kukupa cha maana. Maji hakuna, tutaazima ndoo kwa Humphrey, na kunanuka ukungu. Lakini jiko bado linawaka, na kitanda alikiinua juu sana, maji hayakukifikia. Mpaka leo sijalala humo tangu siku ile, siwezi peke yangu. Njoo tulale walau usiku mmoja. Mimi nitalala upande wangu wa ukutani, na wewe utalala upande wake.

Ni mimi wifi yako nikupendaye,
Adelina (Mama Anne)