Kufuli Ndani ya Kufuli

Hola,
Jumapili

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Dukicha,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na Mama amepona kile kikohozi. Ng'ombe je, wamepata malisho? Mimi sijambo, nakula vizuri, msiwe na wasiwasi. Namwomba kaka Boru akusomee polepole, na asiruke mahali. Ningepiga simu, lakini ya mwisho humu siwezi kuyasema kwa mdomo.

Kwanza nakushukuru, Baba, nawe utashangaa ni kwa lipi. Unajua kazi yangu ni kuandika programu ya kompyuta inayotunza majina na simu za watu wa kando ya mto, ili Tana ikifurika wapelekewe ujumbe wahame mapema. Katika orodha ile watu wengi wanaweza kusoma kwa pamoja. Anayetaka kuandika, lazima abaki peke yake, la sivyo majina yatavurugika. Kwa hiyo tunaweka kufuli, moja ya kusoma na nyingine ya kuandika.

Mwezi uliopita mto ulipanda, na programu ikaganda. Ujumbe wa kijiji cha Wema ulichelewa kwa saa tatu. Alhamdulillahi hakuna aliyekufa, ila watu walitoka na watoto mabegani, maji yakiwa kiunoni. Mkubwa wetu, Bi Swabra, alikasirika sana. Mtunzaji wa mitambo ni Philemon, basi wote wakamgeukia yeye. Akaambiwa asipopata sababu kwa wiki mbili, kazi hana.

Nilihangaika siku tisa. Ya kumi nikakukumbuka kisimani. Wachungaji wengi hunywesha pamoja, lakini kisima kikitaka kuchimbuliwa, mifugo yote hutoka. Nilikuwa mdogo siku ile wawili walipogoma, kila mmoja ng'ombe wake wakiwa bado kisimani, akisema atachimba mwenzake akiondoka kwanza. Jua likapanda, ng'ombe wakalia, hakuna aliyesogea. Ukaja ukawafokea wote wawili. Ulisema anayetaka kuchimba atoe kwanza ng'ombe wake, apange foleni, na zamu yake ikifika ayaangalie maji upya, maana huenda si kama alivyoyaacha.

Hitilafu yetu ilikuwa hiyo hiyo! Programu ilishika kufuli ya kusoma, na ikiwa bado ndani ikaomba ya kuandika. Karani anayeingiza majina akiwa peke yake, haina neno. Wakiwa wawili, kila mmoja anamngoja mwenzake atoke, na nyuma yao kila kitu kinasimama. Nikaibadilisha iachie ya kusoma, ipange foleni, kisha isome tena kabla ya kuandika. Haijaganda tangu hapo. Wenzangu waliniuliza nimesomea wapi hayo, nikasema kwa babangu, na nikajisikia vizuri mno. Asante sana, Baba.

Sasa lile gumu. Kipande kile kibovu nilikiandika mimi. Tangu siku ya pili nilijua ndicho kilichokwama, ingawa sikujua kwa nini, na nikanyamaza. Niko kwenye majaribio ya kazi, niliogopa kufukuzwa. Na kuna baya zaidi, nitalisema. Philemon ni Mpokomo wa Wema, na moyoni niliona si vigumu kumwacha abebe. Hakuna aliyenifunza hivyo, lakini nimesikia mengi juu ya Wapokomo tukiota moto kwetu.

Nilipopata dawa ndipo nikamwendea Bi Swabra nikamweleza yote. Amenipa onyo la maandishi, na majaribio yangu yameongezwa miezi mitatu. Philemon amebaki kazini. Nilipomwomba radhi, aliniambia alijua siku zote, kwani kompyuta huweka jina la aliyeandika kila mstari. Aliandika barua ya kunitaja, akaifuta. Aliona watu watasema Mpokomo amemchongea Muorma, na mimi ningali mgeni. Kumbe mama yake mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotoka na maji kiunoni. Nililia pale pale mbele yake, Baba.

Namshukuru Mungu kwa ajili yake, na nimemwalika nyumbani siku ya Idi. Nisalimie Mama, Boru na majirani wote. Nakuomba moja tu: akifika, usimwulize ni wa upande gani. Mwite Philemon, umpe maziwa.

Ni mimi bintiyo,
Kadra