Chumba cha Walimu Kinahamia Juu

Jumatano, 8 Januari

Waraka umefika. Kurasa kumi na moja. Mkuu wa shule ametusomea kiini chake: sheria ya zamani ilitutaka tumpokee mwanafunzi mwenye ulemavu "hali ikiruhusu". Ya sasa haiulizi hali. Tunampokea, na shule ndiyo inayojirekebisha.

Kisha Pembetatu, mwalimu wa hesabu, akauliza kama chai itachelewa.

Alhamisi, 9 Januari

Haikupita hata siku! Leo kaja mama mmoja ofisini kwangu — mimi ndiye mtaaluma, uandikishaji na ratiba ni vyangu. Binti yake anaingia kidato cha pili, anatumia kiti cha magurudumu. Kidato cha pili kiko ghorofani. Vidato vya ngazi ni ishirini na viwili. Nimevihesabu alipoondoka.

Hakugomba. Akatoa barua kwenye mkoba. Ya mwaka juzi, mhuri wetu. "Tunasikitika kukufahamisha kuwa mazingira ya shule hayaruhusu." Sahihi yangu. Binti mwenyewe simkumbuki. Nitamkumbukaje, barua niliandika bila kumwona.

Nikauliza kasoma wapi tangu hapo. Mwaka mzima nyumbani, akasema, halafu bweni, mbali. Sasa mtoto anataka kulala kwao.

Nimeona aibu. Naiandika hapa kwa sababu pale nilisema tu, "Aripoti Jumatatu."

Ijumaa, 10 Januari

Kikao. Hoja yangu: kidato cha pili washuke chumba cha walimu, sisi tupande kwao. Chini hakuna chumba kingine ila maabara na stoo.

Zogo! Mwalimu wa historia ana magoti. Mwalimu wa kemia ana presha. Pembetatu hana kitu, ila kasema ngazi zile ni mateso kwa binadamu yeyote. Nikamwambia ndivyo waraka unavyosema. Hakucheka mtu.

Mkuu akanivuta pembeni. Akauliza, siwezi kuandika kabarua tu, ka kuomba muda? Eti nina mkono mzuri wa barua.

Nikasema mkono umechoka.

"Haya, hameni. Likiharibika ni lako, Mwalimu."

Jumapili, 12 Januari

Mume wangu ni seremala. Kanisikiliza huku anakula, kisha kauliza kitu kimoja: lile kabati kubwa la walimu limepimwa? Nikamwambia Pembetatu kapima kabati, kapima na mlango, mpaka milimita.

"Na kona ya ngazi?"

Nikamwambia asitutilie nuksi, ale.

Jumatatu, 13 Januari

Kabati limekwama kwenye kona ya ngazi.

Halipandi, halishuki. Kidato cha pili walipanda alfajiri kuteremsha madawati, wameteremsha moja. Wote thelathini na wanane wako juu, nyuma ya kabati. Mkuu yuko chini anauliza nani alipima. Pembetatu yuko juu, haonekani, lakini sauti yake inasikika ikieleza habari za mlango.

Binti kaja saa mbili kasoro dakika tano. Kaingia darasani, kilichokuwa chumba chetu cha walimu, moja kwa moja, bila kusukumwa na mtu. Ndani: yeye, dawati moja, ubao na mimi. Ratiba inasema Kiswahili, kipindi changu. Niliipanga mwenyewe.

Akauliza wenzake wako wapi. Nikamwambia wako juu, wameshindwa kushuka. Ngazi.

Akafikiri.

"Poleni," akasema.

Nikampa kazi: aandike barua rasmi, yoyote, kwa mtu yeyote. Nilitaka dakika kumi za kupumua. Akauliza kama anaweza kuijibu ile ya mwaka juzi, kwa kuwa hakuijibu wakati ule.

Nikasema anaweza.

Anaandika. Mimi nimekaa dirishani na daftari hili, najifanya nasahihisha. Huko kwenye ngazi wameanza kuhesabu moja, mbili, tatu, vuta — kisha kishindo, kisha Mkuu anasema aitwe seremala. Nasikia jina langu likitajwa pamoja na la mume wangu.

Nilidhani atamaliza kwa ukurasa mmoja. Mimi ile yangu niliimaliza kwa mistari minne. Ameinua mkono, mstari wa mwisho wa ukurasa wa pili umejaa.

Anaomba karatasi nyingine.