Jana Sikuwasha Moto

Maua, 9 Novemba 2024

Mama mpendwa,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Sisi ni wazima. Shangazi anakusalimu, na Ilhan pia, ambaye siku hizi anajiita binti yako wa pili. Goti lako linaendeleaje?

Mama, albamu yetu ya kwanza imetoka! Nyimbo tisa, mimi na Ilhan tu, gitaa langu na kinanda chake. Tumerekodi kwenye chumba cha nyuma cha duka la baba yake, magunia ya mchele yakizuia mwangwi. Na wimbo wa kwanza kabisa ni wewe. Unakumbuka Januari nilipokuja, ukiwa juu ya dungu shambani unafukuza ndege kwenye mawele, nami nimesimama chini na simu? Sauti ile! Watu wanaipenda kuliko zetu. Redioni waliniuliza unasema nini, nikawaambia ni wimbo wa furaha ya mavuno.

Nasikia hata Rwamba anaucheza dukani kwake hapo sokoni. Mbona basi hushiki simu? Nimepiga wiki nzima. Barua hii nampa Mutugi wa gari la mbuzi. Mpe jibu akirudi.

Ni mimi mtoto wako,
Wambura


Kiritiri, 20 Novemba 2024

Mwanangu Wambura,

Nimepokea salamu zako. Goti lipo, linanibeba hivyo hivyo. Simu nimeizima kwa sababu sina la kumwambia mtu, hata wewe.

Siku ya soko niliingia kwa Rwamba kununua chumvi. Spika yake ikaanza, nikasikia mtu ananiiga. Kumbe ni mimi! "Enyi ndege, kuleni polepole, jana sikuwasha moto. Juzi sikuwasha moto. Mtoto wangu amekuja na viatu vyeupe, nitampikia nini?" Halafu gitaa. Halafu tena, jana sikuwasha moto. Duka zima likanigeukia. Chumvi niliiacha hapo mezani nikatoka.

Unajua kanisani mimi ndiye hubeba kapu la wasiojiweza, mwaka wa tisa huu. Jumapili ile kapu lilikuja kwangu. Mama Runji mbele, wenzake nyuma, wanaimba kabisa, wamebeba unga na ndengu, na majirani wote wametoka nje kutazama. Nilisema asante. Wambura, nilitamani ardhi inimeze. Njaa ile ilikwisha tulipovuna, lakini aibu imebaki.

Ya dungu huishia dunguni. Huko juu mtu humwaga yote ya moyoni, kwa kuwa ndege hawapeleki habari, na mpita njia akisikia hupita kama hajasikia. Ndivyo tulivyolelewa. Lakini wewe nilikupeleka kwa shangazi yako ukiwa na miaka minne, Kimbeere chako kikabaki njiani, hata barua tunaandikiana kwa Kiswahili. Najua hukuelewa. Kosa ni langu.

Mama yako


Maua, 26 Novemba 2024

Mama,

Natumai unakula vizuri. Ona sasa, hata salamu zinanichoma.

Nisamehe. Ni kweli, sikuelewa. Wimbo tumeuondoa, ila walioushusha kwenye simu zao hatuwezi kuwanyang'anya. Kuna unga, mafuta na sukari kwa Mutugi. Tafadhali usinishukuru.

Wambura wako


Kiritiri, 9 Desemba 2024

Mwanangu,

Vitu vimefika, na goti limepoa kidogo. Usilie tena.

Jumapili nilisimama mbele ya kanisa nikawaambia, jamani, mtoto wangu ni mgeni wa lugha yetu, alidhani mama yake anaimba! Walicheka, Mama Runji akashika mbavu. Kapu wamenirudishia nilibebe tena. Jana hata kwa Rwamba nilifika, nikanunua ile chumvi. Mambo yamekwisha, shika gitaa lako.

Mama yako


Maua, 3 Januari 2025

Mama,

Heri ya mwaka mpya. Krismasi sikuja, nikakuambia ni kazi. Haikuwa kazi.

Nilielewa. Kila neno. Shangazi amenigombeza kwa Kimbeere tangu utotoni. Kukiongea nababaika, lakini kukisikia nasikia. Nilisimama pale chini na simu, nikasikia jana sikuwasha moto, nikasema moyoni, wimbo umepatikana. Ilhan aliniuliza mama anasema nini, nikamwambia anafukuza ndege tu. Na ni mimi niliyetaka maneno hayo yarudi mara tatu, kwa sababu hapo ndipo sauti yako inakatika.

Jioni ile uliniwashia moto mimi. Ukanipikia uji, ukasema wewe umeshiba. Nilijua hujashiba. Nikaumaliza wote.

Sasa umesimama kanisani ukanitetea kwa uongo wangu mwenyewe. Naona aibu, Mama. Gitaa silishiki. Ilhan nimemwambia ukweli, na tangu juzi hanisemeshi. Ukitaka kuwaambia watu wa kanisa, waambie.

Wambura


Kiritiri, 24 Januari 2025

Wambura,

Barua yako ilifika tarehe kumi. Nimechelewa kujibu kwa kuwa sikutaka kujibu.

Kanisani sijasema kitu, wala sitasema. Kapu nimemwachia Mama Runji, nimemwambia ni goti. Siwezi kulibeba nikiwa nimerudishiwa kwa uongo.

Mawele yamekomaa na ndege wamefika, wengi kuliko mwaka jana. Hilo la goti nalo si uongo sana, ngazi ya dungu siipandi tena. Njoo upande wewe. Simu iache kwa shangazi. Kaa huko juu useme yote, kwa Kimbeere, hata kama ni kibovu, ndege hawatakucheka. Mimi nitakuwa hapo chini navuna, na nikikusikia nitaendelea kuvuna kama sijasikia.

Usije na viatu vyeupe.

Mama