Kinanda Siku ya Harusi ya Celina

Ilala, 4 Mei 1958

Kwa Shemeji Tarsis,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, mke wangu mzima. Natumaini nanyi hamjambo, hasa dada yangu Severa. Wewe nakuulizia kwa kuwa barua huanza hivyo.

Jana nilikutana na Severine, mwenzetu wa kwaya, pale Posta. Akanishika mkono kwa furaha: "Kaka Gaudens, tutaonana mazoezini!" Mazoezi gani? Ndipo nikasikia kwamba kwaya yetu ya zamani ya kanisa kuu inakusanyika tena, hata Benjamini anatoka Tanga, ili waimbe Misa ya ndoa ya Celina. Mtoto wa dada yangu! Mimi mjomba wake, mpiga kinanda wenu wa miaka yote, nasikia habari barabarani kama mpita njia.

Bado ni ile Ijumaa Kuu ya miaka minne iliyopita? Basi nikukumbushe, maana wewe hujisahaulisha. Siku ile kinanda hufungwa, kila Mkatoliki anajua. Wewe ukaanzisha wimbo juu mno, kama ulivyozoea, sauti za watoto zikakatika, kanisa zima likageuza shingo. Nikafungua kinanda nikabonyeza noti moja tu, mpate kurudi chini. Padre akanitoa kwenye kwaya kwa kuivunjia heshima siku ile. Nawe kiongozi ukainamia kitabu, hukusema neno.

Na mbuzi wa mjomba yuko wapi? Mahari mmepokea, mmenyamaza. Bila mbuzi sitoi baraka, na Severa anajua kwamba kwetu binti haondoki bila baraka ya mjomba.

Ni mimi shemeji yako,
Gaudens

Kariakoo, 9 Mei 1958

Kwa Shemeji Gaudens,

Milele amina. Sisi wazima, isipokuwa dada yako, na dawa yake unayo wewe.

Hukuniokoa, ulinitia aibu. Wimbo ungetulia wenyewe. Lakini kinanda kikalia siku ambayo hata kengele hazilii, na wasiojua kitu wakajua kwamba kiongozi ameshindwa. Tangu hapo hukanyagi kwangu. Nikipita Ilala unainamia cherehani zako unazotengeneza kana kwamba hunioni. Severa alipolazwa hospitali ulimtuma jirani yako Bakili alete machungwa, mwenyewe hukufika. Leo ndio umekumbuka kuwa wewe ni mjomba?

Kinanda nilikuwa nimempa Severine. Anapiga vizuri na hana mdomo. Lakini Severa amegoma kula. Anasema wazazi wenu wamekufa, baba aliyebaki ni wewe, na mwanawe hataingia kanisani bila kinanda chako. Kwa hiyo njoo upige. Padre wa sasa hakujui, nimemwomba, amekubali.

Siandiki haya kwa kupenda.

Shemeji yako,
Tarsis

Ilala, 12 Mei 1958

Kwa Shemeji Tarsis,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hatujambo. Mwambie Severa ale.

Nitakuja, lakini kwa sharti. Kabla ya mazoezi ya kwanza simama mbele ya wenzetu, useme ni nani aliyekosea ile Ijumaa. Ukishasema, nakaa kwenye kinanda na hutasikia tena habari hiyo kinywani mwangu.

Shemeji yako,
Gaudens

Kariakoo, 20 Mei 1958

Kwa Shemeji Gaudens,

Milele amina. Severa anakula kidogo.

Mbuzi nimemtuma kwa mkono wa Seifu, yule mchukuzi wa mkokoteni. Njiani mnyama ametafuna mikeka ya watu pale sokoni na lawama zote nimebeba mimi. Mpokee, mbariki binti, upige kinanda, basi. Kusimama mbele ya watu niliowafundisha mwenyewe kusoma noti, nijishitaki kwa ajili yako? Sisemi, hata ukinipigia magoti.

Shemeji yako,
Tarsis

Ilala, 25 Mei 1958

Mbuzi nimempata. Mwembamba, lakini mbuzi. Celina alikuja, nimembariki. Nitakuja kanisani.

Shemeji yako,
Gaudens

Kariakoo, 16 Juni 1958

Gaudens,

Salamu sina.

Ulivaa suti, ukapanda roshani ya kwaya, Benjamini akakukumbatia mpaka akatokwa na machozi. Nikasema moyoni, yamekwisha. Celina akafika mlangoni ameshikwa mkono na baba yake mdogo, maana mimi nilitaka nimwimbie. Ukafunua kinanda, ukaweka mikono magotini. Severine akakunong'oneza. Ukamjibu kwa sauti: "Aanzishe kiongozi."

Nikaanzisha. Ndiyo, juu mno, kwa hasira na kwa hofu. Sauti za wote zikakatika. Nikakutazama. Safari hii hakuna aliyekukataza, noti moja ingetosha, nawe umekaa tu kama uliyekuja kupigwa picha. Mwanangu akatembea mpaka altareni katika ukimya, viatu vyake vinasikika kanisa zima.

Umefurahi?

Tarsis

Ilala, 19 Juni 1958

Kwa Shemeji Tarsis,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima kabisa.

Nimefurahi, ndiyo. Nilipogusa nilifukuzwa, nisipogusa nalaumiwa. Pale nje Benjamini aliniambia kwa mdomo wake, "Kumbe kweli Tarsis huanzisha juu." Hilo ndilo nililolitaka. Celina ameolewa, pete iko kidoleni, kunyamaza kwa kinanda hakuvunji ndoa.

Mwambie Severa nitakuja Jumapili moja tule pamoja, tuyamalize.

Shemeji yako,
Gaudens

Ilala, 3 Agosti 1958

Kwa Shemeji Tarsis,

Tumsifu Yesu Kristo. Afya yangu si nzuri, silali vizuri. Barua zangu za Julai hukuzijibu.

Jana nilikuja dukani kwenu. Hukuwapo. Severa alikuwa nyuma ya mizani. Nikamsalimu kwa Kichaga, kama tulivyosalimiana tangu anatambaa. Akaniangalia vizuri, akanijibu kwa Kiswahili: "Karibu, baba. Nikupimie nini?"

Palikuwa na wateja. Nikaona haya, nikasema sukari. Akapima, akafunga karatasi, akanipa chenji, akamgeukia mama aliyekuwa nyuma yangu.

Shemeji, waite wenzetu wote, mwite na Benjamini kutoka Tanga. Nitasimama niseme kwamba ile Ijumaa niliyekosea ni mimi. Niseme lolote utakalo. Nakuomba umwambie tu aniite kaka.

Gaudens