Majina Kwenye Trela ya Bati

Baba Nekesa wangu mpendwa,

Tangu tukuzike hapa Bokoli sijakuandikia neno. Hata ulipokuwa hai hatukuwa watu wa barua. Tulilala nyumba moja, tukafanya kazi shamba moja, tungeandikiana nini? Lakini wamebaki wachache wanaokumbuka mambo ya kule Endebess, na nisingependa yanifie kifuani. Kwa hiyo nakuandikia waziwazi, na asiyetujua naye asome.

Ulikuwa dereva wa trekta katika shamba la Mzungu, nami nilifua na kupiga pasi nguo za nyumba kubwa. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeisha na matrekta yalikuwa ndiyo kwanza yanaingia mashamba ya Kitale, na dereva alikuwa mtu wa kutazamwa. Mtoto wetu Nekesa aliujua mlio wa trekta yako kuliko mlio wa kengele ya kanisa. Ukiwa bado mbali, nyuma ya ghala la mahindi, yeye alikuwa ameshaacha chakula amekimbilia mlangoni. Nakumbuka jioni moja alikuuliza, meno yake ya mbele yakiwa yameanza kung'oka, "Baba, trekta yako inaitwa nani?"

"Trekta haina jina, mama."

"Sasa ukiiita, inajuaje ni yenyewe unaita?"

Ulicheka mpaka chai ikakumwagikia mapajani. Ndipo ukamwambia utamtengenezea trekta yake ndogo, na hiyo ataipa jina mwenyewe.

Ulianza na kitrekta cha kuchezea cha chuma nilichokiokota kwenye takataka za nyumba kubwa, hakina magurudumu wala usukani. Mtu mwingine angekitia magurudumu akamaliza. Wewe ulitaka kiwe trekta yako hasa. Ulipima ile kubwa kwa kamba ya katani, na kila shubiri yake ukaifanya upana wa kidole. Ukaona boneti ya kitrekta ni fupi, ukaikata, ukairefusha kwa bati la debe na kuilehemu kwa risasi iliyoyeyushwa. Magurudumu uliyachonga kutoka kwa mpira wa tairi kuukuu, meno yake yote. Uliweka taa moja tu, kwa sababu ya pili iling'olewa na tawi. Bomba la moshi ukalipinda pale pale lilipopinda lile kubwa. Kiti ukakivisha kipande cha gunia.

Surua ilikuja kabla hujakipaka rangi. Ilipita kwenye vibanda vya wafanyakazi ikiingia mlango kwa mlango. Nekesa alituacha mchana wa jua kali, mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Nilitaka tumlete hapa nyumbani Bokoli, lakini barabara ilikuwa matope matupu na hakuna lori lililokubali kutubeba. Tukamzika ukingoni mwa shamba, karibu na mto, mahali ambapo wafanyakazi walizika watu wao. Ukaweka jiwe kichwani pake.

Baada ya hapo watu waliacha kukuita Baba Nekesa. Nadhani walituhurumia. Walikuita Wafula tu, na mimi wakaniita mama dobi. Hata nyumbani hatukulitaja lile jina. Ulikiweka kitrekta juu ya dari, na msimu mzima hakuna aliyekigusa.

Kisha Jumapili moja tukitoka ibadani ukakishusha. Ukakipaka rangi nyekundu, na ilipokauka ukaniuliza, "Wanga wako wa nguo unashika karatasi?"

Nilidhani unataka chapa ya kiwanda, kama ile iliyokuwa kwenye boneti ya trekta kubwa. Nikakuonyesha ninavyojua, chapa ya kuandikwa kwenye karatasi kisha kubanduliwa kwa maji. Tulichukua karatasi nyororo, nikaipaka wanga mzito, tukauanika ukakauka. Juu ya wanga ukapaka vanishi. Nikachonga kijiti, nikakifunga nywele za mkia wa mbuzi, nikachovya kwenye rangi nyeupe na kukuuliza niandike nini.

"Andika jina lake," ukasema.

Niliweka kijiti chini. Nikakwambia, "Siwezi, Wafula. Usiniambie nifanye hivyo."

Hukunilazimisha. Ulikishika kijiti mwenyewe, na ile mikono yako iliyozoea spana ikakiponda. Ukachonga kingine, ukakiponda pia. Niliona jasho likikudondoka puani, nami nikaona haya kukaa tu. Nikakuondolea kijiti mkononi. Nikaandika N, nikasimama kidogo, nikaandika zilizobaki.

Chapa ya kwanza ilichanika. Ya pili ilikunjamana kwa sababu bati lilikuwa na mafuta, nikalisugua kwa jivu. Ya tatu tuliitia kwenye bakuli la maji tukangoja. Wanga ukayeyuka, karatasi ikaachia, jina likabaki likielea kama utando wa maziwa. Ukaliinua kwa ncha za vidole, ukalilaza kwenye boneti, ukalibonyeza kwa kitambaa mpaka maji yote yakatoka. Tukakaa tunalitazama. Ndipo ukalisoma kwa sauti, polepole, na mimi nikalia kilio ambacho sikuwa nimekilia siku ya mazishi.

Naandika sasa habari za ile siku nyingine, na mkono wangu ni mzito.

Msimu wa kulima ulipofika, nyapara alileta neno kwamba Mzungu anataka shamba lifike mpaka mtoni. Wanawake tulikuwa tumekuja kuchota maji. Tulikuona ukija na trekta, plau imeinuliwa nyuma, na ulipofika kwenye mawe yetu ukazima injini. Mzungu akaja na gari lake.

"Kwa nini wewe nasimama?"

"Hapa kuna watu, bwana."

"Watu gani? Mimi naona majani tu."

"Mtoto wangu ako hapa. Na wa wengine wako."

"Jiwe si alama. Mawe iko shamba yote. Lima."

Ulivua kofia. Nilifikiri unaanza kumwomba, lakini ulishuka, ukaweka kofia juu ya kiti cha trekta, ukasema, "Hii siwezi, bwana. Tafuta mwingine." Hukupaza sauti. Kisha ukaja ukasimama kando yangu.

Walileta dereva kutoka shamba la jirani, mtu asiyejua lolote, naye akalima. Mawe yalipinduka pamoja na udongo. Mama Chebet, yule jirani yetu wa mlimani ambaye mwanawe pia alizikwa pale, aliketi chini palepale, ikabidi tumwinue wawili kumrudisha nyumbani. Wewe hukugeuza uso. Ulitazama mpaka mfuo wa mwisho wa plau, na nilipokuvuta mkono ukaniambia, "Wacha. Lazima mtu aone."

Tuliambiwa tumalize kuvuna mahindi yetu kisha tuondoke. Nililala na hofu siku nyingi. Nilijiuliza, dereva aliyekataa amri ataandikwa kazi na nani tena? Lakini siku chache baada ya kule kulima, Mama Chebet alikuja kwetu asubuhi. Alikuwa amekiona kitrekta dirishani mara nyingi. Hakuketi.

"Baba Nekesa," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kusikia mtu akikuita hivyo tangu msiba, "wako ako na mahali pa kusomwa. Wangu hana."

Ulimjibu, "Kitrekta ni kidogo, mama, lakini trekta huvuta trela."

Basi ukaunda trela. Kuta za kando ulizifanya kwa bati pana kuliko zile za kweli, na nilipokwambia vipimo havilingani, wewe uliyebishana na boneti kwa upana wa kucha, ulinijibu tu, "Wako wengi." Mimi nilichemsha wanga. Akina mama walikuja mmoja mmoja, nao akina baba pia, wakatutajia majina nami nikaandika: Chebet, Wanyonyi, Nasambu, Kiprop. Mmoja aliitwa Nafula, alikuja akasimama mlangoni muda mrefu. Mtoto wake alifariki kabla hajapewa jina. Akauliza, "Huyo mtaandika nini, si ataachwa?" Ukamwambia aketi. Tukaandika MTOTO WA NAFULA, kwa herufi zilezile na rangi ileile, katikati ya wengine. Aliishika trela mapajani mpaka chai ikapoa.

Siku ya kuhama mimi nilitaka tubebe vyote viwili. Ulikataa. Uliing'oa pini iliyounganisha trela na kitrekta, ukampelekea Mama Chebet trela nyumbani kwake, ukarudi na kitrekta peke yake. "Hao ni watu wa huku," ukaniambia. "Wasomwe na mama zao." Lori la mahindi likatushusha Bungoma, nasi tukatembea mpaka hapa kwa wazazi wako.

Hukushika trekta tena maisha yako yote. Ulilima kwa jembe, ukaziba sufuria za watu kwa risasi, na sikukusikia hata siku moja ukisema ungefanya vingine. Kifua kilipokuzidi uliniomba jambo moja, nikuzike mahali ambapo hakuna atakayelima. Tumekuzika kwako mwenyewe, kando ya ua wa nyumba.

Natamani kukusikia tena ukipuliza moto wa kulehemu. Natamani kuona tena jinsi ulivyoinama juu ya bakuli ukishusha pumzi taratibu ili maji yasitikisike. Kuna siku nasahau na kuteleka chai ya wawili. Sina hasira tena na yule Mzungu kama zamani, ingawa kusamehe ni neno ambalo bado sijalifikia. Mungu anajua ninajaribu.

Juzi ndugu yako Barasa alileta ng'ombe kulima. Alipofika karibu na kaburi lako akawasimamisha, akaniita.

"Shemeji, hapa niache nafasi kiasi gani?"

"Ya watu watatu," nikamwambia.

Alinitazama, akahesabu moyoni, wewe, mimi na Nekesa, kisha akawageuza ng'ombe kwa mbali.

Pumzika, mume wangu. Ni mimi mke wako,

Mama Nekesa