Gia Fupi, Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 14 Julai 2025

Leo mkono umenitoka tena. Eastern Bypass, karibu kufika Kamakis, natoka gia ya pili naingia ya tatu — nikasukuma, mkono ukateleza tu, hauna habari. Gia ikabaki free. Nyuma lori inapiga honi, dereva ametoa kichwa ananitukana mpaka babu yangu. Nikaingiza kwa mkono wa kulia, usukani nimeubana kwa goti. Miaka yote hii barabarani na leo naendesha kwa goti!

Mzigo ulifika. Pilipili, bizari, chumvi ya choma, hoteli zote zimepata. Hakuna aliyejua kitu. Alhamdulillahi.

Ni kidole gumba cha kushoto. Kinalala. Na hapa kati ya gumba na kidole cha pili nyama imeisha, kumebaki shimo. Ngozi inachezacheza yenyewe hata nikiwa nimetulia. Daktari wa Thika aliuliza kama kuna mtu kwetu aliwahi kuwa hivi. Nikasema hapana. Akaniandikia niende Nairobi kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Sijaenda. Niende kuambiwa nini? Kaka yangu Farouk ilimuanza hivi hivi, gumba. Halafu mkono. Halafu ule mwingine. Mwishowe mke wangu Zainab ndiye alikuwa anamlisha uji na kumfuta mdomo, na mimi kila saa natoka nje najifanya naangalia gari.

Zainab anaujua huu ugonjwa kuliko mimi. Akiuona mkono mara moja tu, kwisha. Kwa hivyo hatauona.

Lakini kuna kitu nimeona leo! Pale hotelini kwa Chege kulikuwa na kijana na Subaru yake. Anabadilisha gia kwa vidole viwili. Tak, tak. Bega halisongi. Nikamuuliza. Akanijibu kwa kiburi chao kile vijana wa Subaru, ati gia imefupishwa, kuna fundi Ruiru anaitwa Njau ndiye mwenyewe wa hiyo kazi.

Vidole viwili. Mimi bado ninavyo vitatu.


Jumatano, 16 Julai

Njau alicheka mpaka akakalia tairi. Haiya! Probox? Hii ya kubeba pilipili? Vijana wake wakakusanyika. Mmoja akauliza kama mzee anataka pia exhaust ya kupiga risasi. Mwingine akasema mnipishe njia, Kamakis hakutalalika.

Nikacheka nao. Nikawaambia mwanaume hazeeki. Wacha wacheke. Mzee anayetaka spoti ni kichekesho, na hakuna mtu anaangalia mkono wa kichekesho.

Njau akanionyesha kwa bisibisi. Fimbo ya gia ina mahali inapojiegemeza, akipandisha pale basi huku juu inasonga kidogo tu. Halafu akasema kitu kingine — kwamba ikiwa fupi inakuwa nzito, itabidi niisukume kwa nguvu. Nikamwambia nguvu ziko, wewe fanya. Sikuwa namsikiliza. Nilikuwa naona tu vile vidole viwili.


Alhamisi, 17 Julai

Zainab ameshasikia. Nani amemwambia? Hii Mugutha yetu!

Ati nataka kuoa. Niseme tu ni nani, amshonee dera mapema. Hayat binti yetu akacheka mpaka chai ikampalia. Halafu Zainab akauliza, kama ni uvivu wa kubadilisha gia si ninunue automatic kama watu wengine. Mimi! Nimewadharau watu wa automatic humu ndani tangu Hayat azaliwe. Nikigeuka leo ataniangalia vizuri, na akiniangalia vizuri ataona.

Akanisukumia chupa ya ukwaju. Haya kijana, nifungulie basi. Nikaibana kwapani kushoto, nikazungusha na kulia. Hakuona. Alikuwa bado anacheka.

Nampenda huyu mwanamke, wallahi. Nampenda na namuogopa.


Jumamosi, 19 Julai

Imekubali! Tak, tak! Nasukuma kwa kiganja tu, kiwiko kimekaa kwa mapaja, gia inaingia. Nimeenda Thika nikarudi, nikapitia Kalimoni bila sababu, eti naangalia soko. Uongo. Nilikuwa nabadilisha gia tu. Nimeimba kwa gari. Kama jirani angeniona angesema mzee amerukwa.

Farouk hakuwa na fundi wa Ruiru. Pengine yake ilikuwa ugonjwa na yangu ni baridi tu.


Jumatatu, 21 Julai

Baridi kweli leo, manyunyu tangu alfajiri. Na gia imekuwa jiwe.

Asubuhi ilikubali. Kufika saa sita kiganja kimechoka, ya pili inakataa, ya tatu inakataa. Hii kitu inataka nguvu kwa kila kipande, na mimi nguvu zenyewe ndizo sina. Njau alisema. Alisema nikimwangalia usoni!

Pale kilimani Mugutha nilisimama, watoto wa shule wanavuka nyuma. Gia ya kwanza haikuingia. Mguu kwenye breki nao ukalegea kidogo, macho yote yako kwa ile fimbo, na gari ikaanza kurudi nyuma. Kelele ndiyo iliniamsha. Mwanamke mmoja alipiga mkono wake kwa bodi, pa! pa! pa! Nikakanyaga breki. Alikuja dirishani. Aliniuliza kama nimelewa. Nikasema pole mama. Akasema pole ya nini, wangekufa hawa.

Hakuna aliyeguswa. Nimeandika hivyo ili nikisoma nijue. Hakuna aliyeguswa.

Nikampigia Njau arudishe kama zamani. Anasema sawa, lete. Lakini ya zamani ndiyo ilinishinda kwanza. Nirudi wapi?


Alhamisi, 24 Julai

Hayat alitaka kunisindikiza, ati amechoka kukaa nyumbani akingoja chuo. Nikatafuta kisingizio sikupata.

Hatujafika hata barabara ya lami. Nasukuma ya pili, haiendi. Nasukuma na bega. Jasho linatoka na hii baridi yote. Yeye ananiangalia tu, halafu akaangalia mkono. Aliangalia sana.

Akaweka mkono wake wa kulia juu ya wangu. Akaniambia nikanyage klachi. Nikakanyaga. Tak. Ya pili hiyo.

Tumeenda hivyo mpaka Ruiru, mpaka Kamakis, tukarudi. Nikikanyaga, nasema jina la gia, yeye anaingiza. Kwa Chege alishusha katoni zote mwenyewe. Chege akamsifu, binti gani huyu, mchapakazi. Kurudi nyumbani nikamwambia Mama asijue. Akajibu sawa Baba. Haraka hivyo! Afadhali angebishana.


Jumatano, 30 Julai

Sasa hatusemi hata majina ya gia. Anasikiliza injini. Nikikanyaga tu mkono uko pale. Tumebadilisha ya nne mpaka ya pili kwa kona ya Ruiru na hatukusikia kitu, laini kabisa, tukaangaliana tukacheka. Anasema sisi wawili tungeshinda rally. Anasema Njau atuchapishie sticker.

Nilifurahi leo. Halafu nikaona alama nyekundu kwa kiganja chake, ile fimbo ni nzito hata kwake. Nikaacha kufurahi.


Ijumaa, 8 Agosti

Baada ya swala nilimkuta ananingoja kwa gari. Akaniuliza kabla sijafunga mlango. Ni kama ya Baba Mkubwa Farouk?

Alikuwa mdogo wakati ule, nikadhani hakumbuki. Anakumbuka kijiko. Anakumbuka Farouk alikuwa analia bila sauti.

Nikasema hapana. Akasema niape. Nikaapa. Ndiyo kwanza natoka msikitini, na udhu bado ninao, nikamwapia mtoto wangu uongo. Aliniangalia akakubali kwa kichwa, halafu akaweka mkono kwa gia, tayari. Hakuniamini hata kidogo. Na mimi nikakanyaga klachi.


Jumapili, 17 Agosti

Naandika kwa hasira. Sijui ni hasira kwa nani.

Zainab ameshanunua sanduku, blanketi, sweta mbili nzito za baridi ya Eldoret. Jumatatu ya tarehe 25 Hayat anaripoti chuo huko. Ualimu wa hesabu, jambo alilolitaka tangu shule ya msingi. Leo chakula cha mchana akasema haendi. Atangoja mwakani. Ati hiyo kozi haipendi tena.

Zainab aliwaka! Alimwita mvivu, alimwita mtoto asiye na shukrani, akamuuliza ni mvulana gani. Hayat akainamisha kichwa. Akasema ndiyo Mama, ni uvivu tu. Zainab akanigeukia mimi: Baba Hayat, wewe huna la kusema? Huyu ni mtoto wako pia.

Nilikuwa na tonge mkononi. Nikalitia mdomoni. Nikatafuna.

Hayat hakuniangalia hata mara moja, ili mama yake asifuate macho yake. Aliinuka akaosha vyombo, vyote, hata masufuria. Zainab amejifungia chumbani analia. Mimi niko nje kwa gari. Najifanya naangalia gari.


Jumatatu, 18 Agosti

Nimeamka nikisema leo namwambia Zainab. Chai imeisha sijasema. Mzigo, Juja na Ruiru. Hayat ameingiza gia zote.


Jumanne, 19 Agosti

Zainab amerudisha sanduku kwa duka. Hawakulipokea. Limekaa sebuleni, tunalizunguka.

Sijasema.


Jumatano, 20 Agosti

Niko kando ya bypass, mbele kidogo ya Kamakis. Gari imezimwa. Taa za hazard zinawaka.

Nitaandika ilivyokuwa. Tulikuwa tunatoka kwa Chege. Nikaondoka na ya kwanza, akaingiza. Nikakanyaga ya pili, akatoa ya kwanza, na pale katikati, free, akaondoa mkono. Akaufungia kifuani na ule mwingine. Nikasema Hayat! Gari inapungua mwendo, nyuma wanapiga honi. Nikasema Hayat, ya pili! Akasema habadilishi tena mpaka nimwambie Mama.

Nikavuta gari kando, ikajiburuta mpaka ikasimama. Nikamfokea. Nilisema maneno. Nilimwambia amenidhalilisha barabarani, nilimwambia kama hataki kusaidia baba yake aseme. Mimi huyu nilimwambia hivyo! Akaanza kulia. Akasema anaweza kuwa mkono wangu mwaka huu, na mwakani, na hata asiende chuo maisha yake yote, hiyo si shida. Shida ni kuwa Mama anamchukia kwa uongo ambao si wake, na mimi nakaa pale natafuna.

Akashuka. Nikamuona anapiga simu. Ilikuwa fupi. Akarudi dirishani akasema amemwambia Mama baba ana shida na gia, aje Kamakis. Hakusema lingine. Hilo lingine ni langu.

Amekaa kule mbele kwa chuma cha kando ya barabara, amenipa mgongo.

Naweza kuondoka. Nimeshafikiria. Kwa mkono wa kulia naingiza ya kwanza, ya kwanza peke yake inanifikisha Ruiru polepole, nampigia simu Zainab namwambia imekubali, rudi. Hayat hatasema, namjua. Atabeba na hili pia. Nimewasha injini. Nimezima.

Wallahi naogopa. Siogopi kufa, au sijui, pengine naogopa na hiyo. Lakini naogopa uso wa Zainab atakapoujua. Ule uso aliokuwa nao kwa Farouk, mpole, wa kulisha. Leo bado ananiita kijana. Ananitania. Baada ya leo hatanitania tena, atanionea huruma, na mimi bado ninazo shati za Idd alizonipa, sijavaa.

Boda imesimama upande wa pili. Ni yeye. Amelipa, anacheka na mwenye boda kwa jambo fulani. Amemuona Hayat, amempungia, Hayat hakupunga. Sasa ameniona mimi. Anacheka! Anacheka kutoka kule, ananionyesha kwa mkono, anabadilisha gia hewani, tak, tak, kijana imekushinda eh? Hasira ya juzi imemtoka yote. Amesahau kwamba amenuna.

Anangoja magari yapite.

Koti iko hapa kwa kiti. Ningeweza kuufunika. Nimeuinua mkono wa kushoto kwa huu wa kulia, nikauweka juu ya gia, kiganja juu, gumba limelala, lile shimo linaonekana. Nimechukua kalamu tena ili nisiurudishe.

Amevuka. Bado anacheka. Hakuja dirishani kwangu, anazunguka upande wa kushoto, anataka kukaa kwa kiti cha Hayat. Ameshika mlango.

Sijaufunika